Kuiondoa Barafu ya Baba

Baba yangu hajawahi kuona barafu kubwa kuliko ile ya kwenye friji. Nalisema hili mapema mjue nazungumzia mtu wa namna gani, maana ukienda pale makumbusho, ghorofa ya chini, mlango wa mwisho kushoto, utakuta ukuta aliouchora yeye akiwa kijana, mrefu kuliko basi, na ukisimama mbele yake utajikuta unashusha mikono ya shati. Bahari imeganda mpaka upeo wa macho. Nyuma kuna milima, na theluji imeteremka kutoka kileleni mpaka ufukweni. Mbele, kwenye sakafu ya plasta, amesimama dubu wa barafu. Yeye si wa kuchorwa, ni ngozi halisi iliyojazwa, pua juu, ananusa. Pembeni wamelala sili wawili, wale wanyama wa baharini wenye mapezi na masharubu. Nimeshuhudia watu wazima wenye suti zao wakigusa kioo cha mbele halafu wakitazama vidole vyao.

Swali langu tangu utotoni ni moja: alijuaje? Nilimuuliza nikiwa sina meno ya mbele. Nikamuuliza nimerudi kutoka chuo cha sanaa na kiburi changu chote. Kila mara jibu lilikuwa lile lile: "Angalia." Basi, hakuna kingine. Naangalia, baba, naangalia mpaka macho yanauma. "Angalia tena."

Na mimi binti yake ni mchoraji pia, jamani, msinione hivi. Nachora mapazia ya jukwaani: misitu, majumba ya wafalme, mitaa yenye mvua. Watu wa michezo ya kuigiza wakinikosa wanaahirisha onyesho. Lakini baba hajawahi kunisifia hata mara moja. Akija kwenye onyesho, atalitazama pazia langu, atakohoa, halafu atasema viti vya ukumbi ule ni vigumu. Nikichora jua likawachoma watu pua, yeye atalalamikia viti. Mimi najifanya sijali, na hakuna anayedanganyika. Marehemu mama alijua, majirani wanajua, nadhani hata paka anajua. Nilichotaka kwa mzee huyu ni neno moja tu, la mchoraji kwa mchoraji. Naye umri umekwenda, mikono inatetemeka, nikawa nimeanza kuogopa kwamba ataondoka nalo.

Tunaishi wawili, nyumba ya vyumba vitatu ambayo kimoja kimemezwa na makopo ya rangi. Mtaani wanamwita Mzee Barafu, na akiitwa hivyo mgongo unanyooka. Mimi ananiita Pilipili. Sina haja ya kueleza kwa nini.

Basi asubuhi moja mkurugenzi wa makumbusho akaniita ofisini kwake. Ni mama asiyepindisha maneno. Alikuwa na mgeni, dada mmoja mtaalamu wa wanyama wa nchi za baridi, ambaye sehemu kubwa ya mwaka anaishi melini huko kaskazini ya mbali anafuatilia dubu. Walikuwa wameweka picha mbili mezani. Ya kwanza niliijua kabla sijaketi. Ilikuwa ile ghuba ya ukutani, picha ya zamani, nyeusi na nyeupe, ndiyo aliyopewa baba siku ile alipoambiwa, haya, tuchoree. Ya pili ilikuwa mpya, ya rangi. Nikaishika, nikaigeuza, nikaisogeza dirishani. Milima ilikuwa ile ile lakini chini yake kulikuwa na maji matupu.

"Barafu iko wapi?" nikauliza.

"Ndiyo hali hiyo unayoiona," akasema mtaalamu. "Ni mahali pale pale, mwezi ule ule wa mwaka. Nilisimama kwenye jiwe alilosimama aliyepiga ile ya zamani. Zamani mwezi huo bahari ilikuwa bado imeganda. Siku hizi barafu haipo."

Nikazirudia tena. Nilikuwa natafuta barafu kwenye kona, kama mtu anayetafuta miwani aliyoivaa. Udadisi ulinishika vibaya. Nilitaka kujua maji yale ni ya rangi gani hasa ukiyakaribia, na kama yananusa, na dubu yuko wapi.

Mkurugenzi akakohoa. "Sasa sikiliza. Watoto wa shule wanakuja pale, wanaandika kwenye madaftari yao kwamba bahari ile imeganda. Wanaondoka na uongo nilioufungia kioo mwenyewe. Nataka ukuta uchorwe upya, uwe kama ilivyo sasa."

"Juu ya kazi ya baba?"

"Chumba ni hicho kimoja, na dubu ni huyo mmoja. Ule wa zamani tutaupiga picha tuitundike mlangoni. Nimekufikiria wewe kwanza, na nataka mzee aridhie. Akikataa nitasikitika sana, lakini nitamtafuta mtu mwingine. Sitauacha."

Nilisema ndiyo kabla hajamaliza. Nitawaambia ukweli, tangu nikiwa mdogo nilitamani kuingia nyuma ya kile kioo, niuguse ukuta ule, nijue siri yake. Na tena moyoni nikasema, nikiiweza bahari ile, mzee atakosa pa kulalamikia viti.

Nilimkuta barazani anamenya chungwa. Nikamweleza yote kwa mpigo mmoja, picha, meli, watoto wa shule. Kisu kikasimama.

"Kwa hiyo ukuta wangu unadanganya," akasema.

"Hakuna aliyesema hivyo."

"Umesema wewe sasa hivi."

"Nimesema barafu imeondoka, baba! Wewe ulichora kilichokuwepo. Sasa hakipo. Kosa lako liko wapi hapo?"

"Na wewe ndiye utakayeiondoa yangu."

"Afadhali mimi kuliko mtu baki."

Akanikata jicho. "Utaharibu. Hujui hata iko wapi."

"Nini?"

"Barafu. Hujui iko wapi."

"Iko ukutani, baba, imejaa tele, kipofu anaiona!"

"Mh," akasema. "Haya, nenda. Nenda kaiharibu." Akaliacha chungwa nusu na ganda linaning'inia, akaingia chumbani, na redio ikapanda sauti. Mimi nilipandwa na hasira mpaka nikaosha vyombo vilivyokuwa safi. Lakini wakati huohuo, huku povu limenifika viwikoni, lile neno lilikuwa linanizunguka kichwani. Hujui iko wapi. Ana maana gani, mzee huyu?

Kesho yake nikaenda makumbusho kabla hawajafungua. Kuna mlango mdogo wa pembeni, unainama unaingia, na mara uko ndani kwenye ile baridi. Baridi gani! Mle ndani kuna joto la jiko. Nikamsalimia dubu. Ukimsogelea ana mshono tumboni na vumbi masikioni, jicho moja limepinda kidogo, lakini makucha yake, lo, nilirudi nyuma bila kupenda. Nikawasha taa ya mkononi, nikaanza ukuta.

Nilitafuta rangi nyeupe. Hilo ndilo lililokuwa jambo langu la kwanza, kujua alitumia nyeupe gani, maana nyeupe yoyote ninayoijua mimi huwa inachoka, inageuka njano kama shuka la zamani, na ile yake haijachoka. Nikaanza na barafu ya karibu. Nikaona bluu nyembamba sana ubavuni, na kijivu. Nikaona waridi kidogo, jamani, waridi, pale jua linapogusa ukingo. Nikaona kijani hafifu chini penye ufa. Nyeupe sikuiona. Nikapanda ngazi nikatazama theluji ya mlimani, hakuna. Nikarudi chini, nikaweka pua karibu kabisa, nikaiweka taa ubavuni imulike kwa upande ili alama za brashi zitoe vivuli. Zilitoa. Za bluu zilionekana, za kijivu zilionekana, za waridi zilionekana. Na katikati yake, pale barafu yenyewe ilipokuwa iking'aa, hapakuwa na alama ya brashi hata moja.

Ilikuwa plasta tupu.

Nilicheka peke yangu mle ndani mpaka nikamshika dubu begani nisianguke. Mzee yule mkaidi hakuwahi kuichora barafu! Alichora kila kitu kingine, kivuli, anga, ufa, mwamba, na barafu akaiacha. Ule ukuta wenyewe, chokaa aliyoikandika na kuisugua kwa mkono wake, ndiyo barafu. Ndiyo maana watu wanasikia baridi, maana hakuna kitu kati ya macho yao na weupe.

Halafu kicheko kikakatika, kwa sababu nilielewa kilichobaki. Kipande cha ukuta ambacho hujakigusa unaweza kukifunika. Je, unaweza kukifunua?

Mimi siwezi kukaa na swali. Nikatafuta mahali pa siri, nyuma ya mgongo wa sili wa pili, panapotosha kiganja, ambapo hakuna mgeni anayepaona. Nikapaka bahari. Ilikuwa bahari safi tu. Nikachukua kitambaa chenye maji nikafuta. Plasta ilikuwa imeshakunywa rangi, ikabaki na doa la samawati chafu. Nikasugua, doa likatanuka. Nikachukua nyeupe yangu bora, ile ninayoihifadhi kwa ajili ya mwezi wa jukwaani, nikapaka juu. Jamani. Ilikaa pale kama dawa ya meno. Pembeni yake barafu ya baba inapumua, na hii yangu imekufa. Nikaongeza waridi, nikaongeza kijivu, nikafanya mbwembwe zote ninazozijua, nikazidi kuharibu.

Nilirudi nyumbani nimenywea. Baba alikuwa pale pale barazani.

"Nimeiona iko wapi," nikasema.

Hakugeuka, lakini sikio lake lilinigeukia, mnaelewa ninavyosema. "Wapi?"

"Hukuichora. Uliiacha."

"Umechelewa," akasema. "Nilidhani ungeiona ukiwa chuoni." Lakini alikuwa anatabasamu upande, na akanisogezea kigoda, jambo ambalo si kawaida yake.

Sasa ndipo akafunguka, baada ya miaka yote ile ya angalia, angalia. Alisema walipompa ile picha nyeusi na nyeupe alihangaika nayo wiki nzima. Alichora barafu kwa nyeupe kwenye mbao, akatupa, akachora tena, akatupa. Kila aliyoichora ilionekana kama ukuta uliopakwa chokaa na fundi mvivu. Halafu siku moja akaitazama picha yenyewe, ile karatasi. Penye mwamba palikuwa na weusi. Penye kivuli palikuwa na kijivu. "Nikaangalia penye barafu," akasema, "nikaona hapana kitu. Ni karatasi tupu, Pilipili. Picha ilikuwa imeiacha. Nikasema, kumbe!"

"Na rangi je? Picha haikuwa na rangi. Waridi uliitoa wapi?"

Akacheka mpaka akakohoa. Alikuwa amewaomba wauza samaki wamfungie kwenye ghala lao la baridi na taa yake, kati ya matofali ya barafu, na akasahau kugonga mlango. "Mama yako alinikanda kwa maji ya moto siku mbili, ananitukana. Lakini waridi niliiona."

Nikacheka naye. Halafu ilinibidi niseme. "Baba, nimeharibu mahali. Nyuma ya sili. Kiganja kimoja. Nilitaka kujua kama inarudi."

"Ikarudi?"

"Haikurudi."

Nilijikaza kusubiri radi. Haikupiga. Alitazama mikono yake, ile inayotetemeka juu ya magoti, akasema taratibu tu, "Hairudi. Mimi nilijaribu zamani, mahali pengine. Usiniulize wapi." Kisha akasema, "Hiyo picha yao mpya unayo?"

Nilikuwa nayo. Nikampa na miwani yake. Nilitegemea aitazame mara moja airudishe kwa hasira. Aliishika kama unavyoshika barua ya mtu wako. Alianza kwenye milima. "Huyu ndiye yule mwenye meno," akasema, "na huyu mpole wa pembeni." Anaijua ghuba ile kuliko mtaa wetu, mzee ambaye hajawahi kufika. Kidole kikateremka mlimani, kikafika pale ambapo kwenye ukuta wake theluji inashuka mpaka baharini bila kukatika, na kikasimama. Kwenye picha mpya theluji ile ilikuwa imepanda juu, imejivuta, na chini yake kumebaki mwamba mweusi, mkubwa, wenye mistari myekundu.

"Ala!" akasema. "Kumbe chini yake kuna hiki."

"Kuna nini?"

"Hapa nilibahatisha! Nilichora kivuli cha bonde. Maisha yangu yote najiuliza, chini ya theluji hii kuna nini? Bonde? Ni mwamba, Pilipili! Mwamba tena mwekundu!" Macho yalikuwa yamemtoka kwa furaha, kama mtu aliyeambiwa jibu la kitendawili. Kisha nikaona furaha ile inashuka usoni, polepole, akiwa amefika kwenye maji. Aliyatazama muda mrefu. Sikusema kitu, na kwangu mimi kunyamaza ni kazi ya kulipwa.

"Sikutaka kujua kwa njia hii," akasema mwishowe.

Akanirudishia picha. "Mwambie mkurugenzi wako nakubali. Lakini niliiacha mimi, nitaifunika mimi. Wewe utachanganya rangi na utanishika nisianguke."

Basi tukaanza. Mafundi walikuwa wameshabadilisha sakafu. Dubu sasa alisimama kwenye changarawe na mawe, kama mtu aliyeshushwa kituo kisicho chake. Doa langu la nyuma ya sili likawa la kwanza kumezwa na bahari, na mzee hakulitaja. Alikaa kwenye kiti juu ya jukwaa la mbao, mimi nyuma yake nimemshika kiunoni, na tukatoka kwenye upeo wa macho tukija mbele. Ile mikono iliyokuwa ikimnyima kufunga vifungo vya shati iligeuka kuwa neema, maana ukitaka kuchora maji ya baridi yenye upepo hafifu, mkono unaotetemeka unajua kazi. Nilimwambia hivyo. Akaniambia nifunge mdomo nichanganye rangi.

Rangi zenyewe tuligombana. "Hiyo ni bahari ya kwenye kalenda," akasema kuhusu ya kwanza. "Hayo ni maji ya kuoshea vyombo," kuhusu ya pili. Mimi nikamwambia kama anajua sana ashuke achanganye mwenyewe, na yeye akaniambia kwamba pilipili haichanganywi na bluu. Yule mtaalamu alikuwa anakuja kila siku, anaketi kwenye mawe chini ya dubu na kikombe chake, anacheka.

"Shikamoo, baba," anasema akifika.

"Marahaba, binti. Haya niambie. Huyu bwana mkubwa sasa anakula nini, kama barafu hakuna?"

Mzee alimhoji dada yule kama polisi. Akaambiwa kwamba dubu huwinda sili akiwa juu ya barafu, anamvizia kwenye tundu anapotoka kupumua. Maji yakiwa wazi, sili anamshinda kuogelea. Basi dubu anapanda nchi kavu, anangoja bahari igande tena.

"Anangoja na njaa?"

"Na njaa, baba. Anakula akiba ya mwilini mwake. Kadiri miaka inavyokwenda, kungoja kunarefuka."

"Na sili? Watoto anawalaza wapi?"

"Kwenye theluji iliyo juu ya barafu, anachimba humo. Ikikosekana, wanabaki wazi."

Baba akageuka kwenye kiti, nikamdaka. "Kwa hiyo wote wawili," akasema, "mwindaji na anayewindwa, nyumba yao ni moja?"

"Ni moja."

"Ukiichora hiyo kwenye mchezo wa kuigiza," akaniambia mimi, "hakuna atakayeamini." Akarudi ukutani akafunika kipande kingine. Niliiona brashi mkononi mwake kila alipokaribia weupe. Ilikuwa inangoja kidogo, kama mtu anayepiga hodi. Halafu inapita. Aliuchora na mwamba mwekundu, akaufurahia, akaufuta kona na kuurudia kwa sababu mistari haikuwa imelala vizuri. Nilimwona kijana siku zile. Na jioni tukirudi alikuwa mzee kuliko asubuhi.

Ikafika siku kimebaki kipande kimoja. Kiko mbele kabisa, kwenye kimo cha pua ya dubu, si kikubwa, ungekifunika kwa sinia. Pembeni yote maji yameshafika. Nilikuwa sijawahi kukitazama kikiwa peke yake. Kivuli chake chembamba cha samawati kilikuwa kimepita chini mara moja tu, kwa mkono ulioshiba uhakika, na juu yake plasta imeachwa, basi, na kilikuwa kizito, unaona kabisa kinaelea na unaona uzito wake chini ya maji.

"Hiki ndicho nilichoanza nacho," akasema. "Siku ile ya kumbe."

Mkurugenzi alikuwa amekuja kutazama. Mtaalamu naye alikuwepo, picha mkononi. Baba akamuuliza bila kumtazama, "Binti, kwenye picha hapo pana kitu?"

Yule dada alijua anaulizwa nini. Nilimwona anatamani kusema uongo, na nikamwombea auseme. Akaitazama picha tena. "Hapana, baba. Pana maji."

"Tunaweza kukiacha," mkurugenzi akasema, yeye ambaye huwa hapindishi maneno. "Kidogo hivi, mzee. Kama kumbukumbu."

"Watoto wataandika kwenye madaftari kwamba kipo," baba akasema.

Akachovya brashi. Akaupeleka mkono, ukafika karibu, ukasimama. Akaushusha. Akaupeleka tena. Ule mtetemo uliotusaidia baharini kote sasa ulikuwa si wa uzee. Akaweka brashi juu ya goti, rangi ikaingia kwenye suruali, hakujali.

"Siwezi," akasema. "Nimeshindwa, mwanangu. Fanya wewe."

Neno hilo sijawahi kulisikia kinywani mwake, na mwanangu pia si mara nyingi. Nikamsaidia kushuka, mtaalamu akampa nafasi yake kwenye jiwe, akaketi chini ya dubu, wote wawili wanatazama upande mmoja. Nikapanda mimi. Sikutaka, nawaambia. Niliogopa kuharibu. Ukuta niliouota tangu utotoni ulikuwa mbele ya pua yangu, na mwenyewe amenikabidhi brashi yake, na kazi yenyewe ni hii.

Nikachanganya upya. Si ya kalenda, si ya vyombo. Nikaweka kijivu, nikaweka kijani kidogo, na mwisho, sijui nilifikiria nini, nikatia tone la ile waridi yake. Nikaanza chini, nikaacha maji yapande yenyewe, polepole, yakaingia chini ya kile kivuli cha samawati, yakakizunguka, kipande kikapungua upande wa kulia, kikapungua juu, kikawa kama sahani, kikawa kama jani, kikawa ukingo mmoja mwembamba unaong'aa, na nikaupitia. Mkono wangu haukutetemeka. Nilipomaliza nilibaki nimeinua brashi kwa sababu sikujua niiweke wapi.

Nilisikia mzee anainuka, changarawe inalia chini ya viatu vyake, anakuja karibu na ukuta, karibu sana, anaweka miwani sawasawa. Aliangalia. Alichukua muda wake wote. Alitazama pale palipokuwa na barafu, akatazama maji ya pembeni aliyoyachora yeye, akarudi kwenye yangu.

"Mkurugenzi," akasema, "njoo uone. Haya maji ya hapa si yangu, ni ya binti yangu. Mimi nisingeyaweza."

Hilo hapo, mbele ya watu, la mchoraji kwa mchoraji, nililolisubiri tangu nikiwa sina meno ya mbele. Nikayatazama yale maji, na yalikuwa mazuri kweli, hakukosea. Nikakaa chini kwenye mbao, na rangi mikononi, nikalia kwa sauti kama mtoto, kwa sababu neno lile ningelirudisha saa ile ile, lote, kama ingewezekana nipewe badala yake ile plasta.